Kompyuta Iliyowakaripia Wezi

Naushika mkate huu mkononi, nao uniadhibu nikiongeza chumvi: haya yote ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Wapo watakaokuambia kwamba Mzee Esenkul ni mwongo. Usiwasikilize. Esenkul alikuwa dereva wa lori, na mtu aliyevuka mlima Dolon kila majira ya baridi mpaka akastaafu huona mambo ambayo watu wa kukaa nyumbani hawayaoni. Aliwahi kumpa lifti mbwa mwitu. Mnyama alipandia bondeni, akakaa kitini kimya na adabu zake, akashukia kileleni bila kuubamiza mlango, jambo ambalo abiria wengi wa miguu miwili limewashinda. Tena Esenkul alikuwa mtu wa sura nzuri, mrefu, mwenye masharubu ambayo wanawake wa Naryn nzima walikuwa wakiyaulizia hali yake. Hilo nalo ni kweli.

Alipofiwa na mkewe, binti yake alimvusha mpaka wa nchi, akamleta Almaty, kwenye jengo moja la ghorofa ambalo nusu ya wakazi wake ni Wakirgizi waliofuata kazi, na nusu ni Wakazaki wanaowapangisha na kuwatania. Ghorofa ya chini kabisa walikaa Zuura na mumewe Taalai. Zuura alitoka kijiji kilichopakana na cha Esenkul, ng'ambo ya Dolon, kwa hiyo alimwita babu, naye akamwita mwanangu, na hakuna aliyeuliza ukoo unaunganikia wapi. Zuura alichora mitindo ya nguo kwa ajili ya karakana za ushonaji, Taalai akachora makabati ya jikoni. Meza moja, kompyuta mbili, wakiketi wameelekeana kama watu wanaocheza karata.

Sasa, habari njema kwetu haitolewi bure. Anayeileta hupiga kelele tokea mbali, "Suyunchu!", na wewe unayeisikia unampa kitu kwanza, chochote kilicho karibu, halafu ndiyo unauliza kuna nini. Ukiuliza kwanza umejiaibisha. Zuura alipojifungua mtoto wa kike, Taalai alimpigia simu Esenkul kabla hata ya ndugu zake, na mzee akaitendea haki kazi aliyopewa. Alipita kila mlango wa jengo lile, kisha duka la mikate, kisha kwa kinyozi, kisha kituo cha basi. Alirudi na soksi mpya, tochi, nusu keki na kofia ya sufu. Kila aliyempa kitu alipata habari yote: mtoto wa kike, mapafu kama ya tarishi, na Ijumaa asubuhi jengo zima linakwenda hospitalini kuwapokea, habaki mtu.

Hakubaki mtu kweli. Walikwenda na maputo, maua na mpiga picha. Waliporudi, Zuura amembeba mtoto kwenye blanketi lenye utepe, walikuta dirisha la baraza limevunjwa na pazia linapepea nje kama ulimi. Mezani palikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi maumbo mawili ya pembe nne, safi kabisa.

Bibi Kulyash, Mkazaki mwenye nyumba, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Esenkul," alisema, "wezi nao uliwapigia suyunchu? Walikupa nini, wenzako tujue?"

Watu wakacheka, maana Bibi Kulyash akisema kitu watu hucheka kwanza. Esenkul hakucheka. Alishuka ngazi za nje, akaenda akakaa kwenye benchi la uani akaiangalia ile tochi.

Taalai alifanya yanayofanywa. Alibadilisha maneno ya siri yote, akaipigia simu benki, akawaomba radhi wateja ambao makabati yao yalikuwa yamekwenda na mwizi. Askari alikuja, mpole, akauliza kama kompyuta zina alama yoyote. Zuura akasema yake ina mkwaruzo kwenye kifuniko, umbo la samaki. Askari akasema vizuri, samaki, akaondoka. Ikawa kila kitu kina pa kuanzia. Michoro ingechorwa tena. Vitambulisho vingeombwa tena.

Kimoja tu hakikuwa na pa kuanzia.

Mama yake Zuura, Bi Batmakan, alijua mapema kwamba hatamwona mjukuu. Kifua kilikuwa kimeharibika. Kwa hiyo alituma kwa basi susu la mbao, kile kitanda cha kubembezea mtoto ambamo Zuura mwenyewe alilazwa, na kwa simu ya jirani akajirekodi akisema maneno ambayo bibi humwambia mtoto siku anapolazwa mara ya kwanza. Aliketi kando ya jiko, akachukua mto mdogo awe ndiye mtoto. "Hivi?" alisema, akaulaza mto kichwa chini. Akajijibu mwenyewe, sauti nyembamba, "Siyo hivyo!" "Hivi?" "Hivyo hivyo!" "Mkono huu si wangu, ni mkono wa Mama Umai." Majira ya baridi yalipoingia alifariki, na Zuura, mimba imemshika vibaya na daktari amemkataza hata kupanda ngazi, hakwenda kumzika.

Maneno yenyewe, hadi hilo la Mama Umai mlinzi wa watoto wachanga, kila bibi anayajua, wa Kikirgizi na wa Kikazaki. Hayo hayakuibwa. Kilichoibwa ni kikohozi kilichokatisha maneno, na pumzi iliyovutwa baada ya kikohozi, na mbuzi. Maana katikati ya kazi hiyo mbuzi alisukuma mlango kwa kichwa, na Bi Batmakan, bila kuuweka mto chini, akamgeukia: "Toka hapo, we kiumbe usiye na haya! Nani kakukaribisha? Rudi ulikotoka, na ufunge mlango!" Akacheka, akakohoa, akasahau alipofika, akaanza upya; kisa hicho cha mbuzi Zuura alikuwa amemsimulia kila mtu jengoni.

Rekodi ile Zuura aliihamishia kwenye kompyuta ili simu ipate nafasi ya picha za mtoto. Nakala aliiweka kwenye kisanduku kidogo cha kuhifadhia, na kisanduku akakiweka pale pale, juu ya kompyuta, nacho mwizi akakichukua pamoja nayo, kama chungu na kifuniko chake. Hifadhi ya mtandaoni ilikuwa imejaa tangu mwaka juzi. Kila ikimkumbusha, alibonyeza "baadaye". Simu ya jirani kule kijijini ilikuwa imeangukia mtoni. Alimpigia shangazi, akampigia mwalimu, akampigia mwenye duka. Kila mmoja alisema pole, kisha akaanza kumsimulia mama yake alivyokuwa mtu mzuri, na Zuura akawa anasikiliza sauti zisizo zenyewe.

Siku moja kidole kilibonyeza namba ya mama chenyewe. Ikapokewa. Alikuwa kijana mmoja wa Talas aliyepewa namba ile.

"Dada," alisema, bila hasira, "umekosea tena."

Siku za kumlaza mtoto kwenye susu zilifika, zikapita. Bibi Kulyash alikuja kulalamika.

"Mtoto anakulia mikononi kama furushi la safari. Unamngoja nani?"

"Bado, mama."

"Bado nini? Mandazi ya borsok nitakaanga mimi, sukari ipo, wanawake wapo. Susu lenyewe hilo hapo unaanikia nguo!"

Zuura akaliangalia susu. Kweli lilikuwa na soksi za Taalai. "Bado tu," alisema.

Dirisha lilikuwa wazi, na benchi la uani liko chini ya dirisha, na mtu fulani mwenye masharubu alikuwa amekaa hapo.

Kesho yake asubuhi jengo zima lilisikia.

"Suyunchu! Zuura, suyunchu!"

Zuura alitoka mbio peku, mtoto begani. Mkono wake ulishika kilicho karibu na mlango, koti la ngozi la Taalai, jipya, akamvika mzee mabegani kabla hajapumua.

"Imeonekana," alisema Esenkul. "Kompyuta yako imeonekana."

Zuura akaketi hapo hapo kizingitini.

"Iko wapi?"

Ni swali dogo, na ni ajabu mtu mwenye akili kama zake hakuliandalia jibu. "Iko njiani," alisema.

"Njia gani?"

"Ya kutoka Taldykorgan."

"Imefikaje huko, babu?"

Esenkul akavua viatu, akaingia, akaomba chai. Ukiona mzee yule ameomba chai, ujue injini imeshawaka.

"Mwizi wako," alianza, "ni kijana mwembamba, shingo kama bata mzinga. Kaifungua kompyuta atafute picha za kuchekesha. Kabonyeza hapa, kabonyeza pale, mara: Toka hapo, we kiumbe usiye na haya! Kijana karuka! Kageuka, hamna mtu. Nani kakukaribisha? Kaanza kutetemeka. Maana ni swali la haki, nani kamkaribisha? Rudi ulikotoka, na ufunge mlango! Mwanangu, aliufunga. Alikuwa peke yake ndani ya nyumba, akainuka akaenda akaufunga mlango."

Zuura alicheka. Taalai akatoka bafuni na sabuni usoni kuangalia ni nani anayecheka nyumbani kwake.

"Kuna nini?" aliuliza. Kisha: "Koti langu liko wapi?"

Tangu siku hiyo kompyuta ile ilianza safari. Kila Esenkul alipopita kuonja chai ilikuwa imefika mahali pengine. Shingo-bata aliogopa kukaa nayo, akamtupia muuza simu mmoja wa gulioni. Muuza simu akaifungua mbele ya wateja, akakaripiwa na mama wa watu mbele ya wateja. Akakumbuka kwamba mama yake mwenyewe paa linavuja, akafunga duka, akaenda na mabati. Akamwachia shemeji yake, bonge la mtu, bondia, asiyeogopa kitu. Huyo akalala chumba kimoja na kompyuta, akaisikia inakohoa. Kikohozi kibaya, cha kifua. Akavumilia, akashindwa, akainuka akaiwekea asali kando.

"Asali?" alisema Zuura.

"Asali ya mlimani. Na kijiko."

"Lakini babu, unavyokohoa siyo. Mama hakukohoa hivyo."

"Alikohoaje?"

"Kwanza alikuwa kama anataka kusema kitu. Halafu kinakuja." Zuura akaonyesha. "Halafu anashika hapa. Halafu anavuta pumzi, hivi, polepole, kama mtu anayevuta uzi kwenye sindano."

Esenkul akajaribu. Mtoto akamkodolea macho.

"Siyo hivyo," alisema Zuura. "Hivi."

Akavuta pumzi ile, na alipoivuta alinyamaza, kwa sababu ilikuwa imemtoka kifuani mwake mwenyewe na alikuwa bado anaisikiliza. Kisha ikaisha. Alijaribu mara ya pili ikawa pumzi tu.

Taalai aliyavumilia mambo haya kwa muda, akiwa na sweta wakati barabara zina theluji. Mwishowe, wakati Zuura anakunja nepi, alimwuliza:

"Unajua mzee anakudanganya?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoomba chai."

"Sasa kwa nini unamwacha? Keki inaliwa, koti limekwenda, na mtoto hajalazwa!"

Zuura aliendelea kukunja. "Akiwa anaongea," alisema, "ipo mahali. Iko Taldykorgan, iko kwa bondia, inapewa asali. Akinyamaza, haipo popote."

Taalai akakaa kitandani, akaokota nepi, akakunja naye.

Lakini alichokisema Taalai kilimkaa Zuura rohoni, ile ya mtoto hajalazwa. Mzee alipokuja tena, kabla hajakaa, alimwambia:

"Babu, tumeamua. Jumapili. Wanawake wameambiwa. Itakuwa imefika?"

Esenkul alikuwa ameshika kikombe. "Jumapili hii?"

"Jumapili hii."

"Jumapili," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga barafu ikalia chini ya mguu. "Na ule mkwaruzo, mwanangu, ulisema ni samaki wa namna gani?"

Jumapili nyumba ilijaa. Borsok zilikaangwa zikarundikwa mezani katikati, peremende juu yake, na wanawake walikaa kuzunguka chumba wakiwa na vitambaa vyao vya sherehe. Susu lilikuwa katikati, safi, bila soksi. Mtoto alikuwa ameogeshwa na amechoka na kila mtu. Bibi Kulyash aliangalia mlango, akamwangalia Zuura, akaangalia mlango.

"Tunangoja basi la Taldykorgan," alisema Zuura. Hakuna aliyejua kama anatania.

Esenkul aliingia amejaa theluji, na kifurushi kwapani. Hakupiga kelele ya suyunchu. Alikiweka kifurushi magotini pa Zuura, akarudi nyuma hatua chache, masharubu yananing'inia.

Zuura akafungua. Ilikuwa kompyuta. Kwenye kifuniko kulikuwa na samaki.

Nitakuambia jinsi moyo wake ulivyokuwa. Alijua. Alijua tangu chai ya kwanza, na bado vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu anayemvua bibi harusi shela. Aliifungua, ikawaka. Hapakuwa na kitu. Uwanja wa buluu, na katikati ya buluu salamu ya kumkaribisha mtumiaji mpya. Akaifunga. Akapitisha kidole juu ya samaki. Mkwaruzo ulikuwa mpya, vumbi la plastiki bado limo.

"Babu," alisema. "Samaki wangu alikuwa anaogelea kwenda kulia."

Wanawake wakanyoosha shingo wamwone samaki.

"Ilikuwa..." alisema Esenkul. "Njiani kule, barabara mbovu, huenda aligeuka."

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Umeipata wapi hii?" aliuliza Taalai.

"Gulioni."

"Kwa nini? Kwa kitu gani?"

Mzee akamwangalia Taalai juu mpaka chini, lile sweta. "Kwa koti," alisema.

Hapo chumba kilipasuka. Walicheka mpaka borsok zikabingirika. Taalai naye, alijaribu asicheke, ikashindikana. Aliyekuwa hacheki ni wawili, Zuura na Esenkul, wanaangaliana juu ya kile kisamaki.

"Nilidhani," alisema mzee kwa sauti ya chini, "labda ukisikia ipo..."

"Najua ulichodhani, babu. Inatosha sasa."

Bibi Kulyash akagonga meza kwa kijiko. "Suyunchu ya uongo ina faini yake, tangu enzi za mababu, kwenu na kwetu: farasi na joho! Esenkul, unalipa hulipi?"

"Nalipa."

Alivua joho lake palepale, lile la mahameli alilovaa siku za sherehe tu, akamwekea Zuura mabegani. Lilikuwa limelowa theluji na linanuka tumbaku, na Zuura hakulivua.

Ndipo Bibi Kulyash akamchukua mtoto. Hakuulizwa, na hakukuwa na mwingine. Alikunja mikono ya gauni, akamlaza kichwa kwenye upande wa miguu.

"Hivi?"

"Siyo hivyo!" wakapokea wanawake, na Zuura pamoja nao.

"Hivi?"

"Siyo hivyo!"

"Hivi?"

"Hivyo hivyo!"

"Mkono huu si wangu, ni mkono wa Mama Umai."

Sauti ya Bibi Kulyash ilikuwa nzuri, imejaa, ya mtu mwenye afya. Zuura alishika ubao wa juu wa susu, na baada ya neno Umai akangoja. Hakujua anangoja nini mpaka alipogundua kwamba amebana pumzi, ili apishe kikohozi kipite. Hakikuja. Bibi Kulyash alikuwa ameshafika mbele, anafunga mikanda, anambusu mtoto kwenye paji la uso. Wanawake walirusha peremende. Zuura akaenda jikoni, akafungulia maji, akaosha kikombe kilichokuwa safi.

Na mtoto akalala. Alilala mpaka wageni wakaondoka wote, jambo ambalo hajawahi kulifanya tena.

Sasa utaniuliza, na farasi? Farasi alilipwa. Esenkul ni mtu wa ahadi. Majira ya kuchipua alimleta farasi wa kijivu kutoka uwanda wa juu, kifua kama cha lori, na kwa kuwa faini hulipwa mlangoni, alimpandisha ngazi za jengo lile moja moja, farasi akimwomba radhi kila aliyekutana naye njiani, mpaka ghorofani kwa Zuura, akagonga kengele kwa pua yake, na...

"Farasi gani?"

Hayo ni maneno ya Zuura. Maana nilikuwa nawasimulia haya mezani kwake, juzi, mbele ya wageni wa Taalai kutoka karakana, chai mkononi, na nilidhani yuko chumba cha pili anambembeleza mtoto.

"Yule wa kijivu," nilisema.

"Ghorofa yangu ni ya chini, babu. Ngazi gani alipanda?"

Wageni wakaniangalia. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo huyo Esenkul ndiye wewe, mzee?" Ndiyo, ni mimi. Ulidhani nani mwingine angeyasifu masharubu haya?

"Alizipanda kwanza za juu," nilisema, "alipotea kidogo..."

"Farasi hajalipwa," alisema Zuura. Aliketi mbele yangu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Mimi farasi sitaki. Nikuambie ninachotaka?"

"Sema, mwanangu."

"Uende nyumbani kwa mama. Shangazi ana ufunguo. Ufungue, ukae uani, halafu jikoni, ushike simu urekodi."

"Nirekodi nini? Nyumba tupu ile."

"Inavyosikika."

"Sasa si..."

"Mlango, na maji ya mfereji, na paa likipigwa na upepo. Chochote kitakachokuwepo. Mimi siwezi kwenda mpaka mtoto akue, na bati lile shangazi anataka kulibadilisha. Na wewe, babu, usiseme neno. Hata moja. Nikisikia sauti yako humo, faini inaanza upya."

Taalai akaniandikia kwenye simu namba tatu za kutumiwa rekodi, yake, ya Zuura na ya Bibi Kulyash, na akaniapisha nitume pale pale, kabla sijapanda basi la kurudi.

Sikuwa nimevuka Dolon tangu nilipomzika mke wangu. Kijana aliyetuendesha alikuwa akikata kona kama mtu anayekata kitunguu, nikamwambia, akaniambia mzee lala. Kileleni nilichungulia dirishani nione kama kuna anayengoja lifti.

Shangazi alinifungulia, akaenda zake. Mlango wa Bi Batmakan unalia mara mbili, mara ya kwanza ukiinuliwa na mara ya pili ukisukumwa. Nilibonyeza kitufe kama nilivyofundishwa. Nilisimama jikoni, jiko limepoa, kisha nikatoka uani nikasimama karibu na mfereji. Maji yalikuwa yanapita chini ya barafu nyembamba. Bati la pembeni liliinuka na kushuka. Mbali, kwenye njia ya kijiji changu, mtu alikuwa akimwita ng'ombe kwa mwito ambao mke wangu alikuwa akiutumia, ule ule, na kinywa kilinifunguka, kwa kuwa nina kisa kizuri sana kuhusu ng'ombe wa mke wangu.

Nikakifunga. Namba za kuhesabu muda kwenye simu ziliendelea kubadilika. Mkono uliniuma, sikuushusha.